UFUNDI NYUMBANI: Waya upo, sasa tuongeze waifai

Mwezi huu tunajibu mama mmoja wa familia zetu aliyetoka kambini, sasa anapanga nyumba Gisenyi, huko Rubavu. Intaneti iko kwake, lakini ni ya waya: mmoja sebuleni, mwingine kwa watoto wanaosoma. Mama mkwe wake haamki tena kitandani, na chumba chake kiko nyuma kabisa. Binti wa huyo bibi alihamishiwa Marekani. Anapiga simu ya video kila Jumapili, na bibi anaambiwa tu "anakusalimia". Je, wabomoe vyote waanze upya?

Hapana, mama. Ule waya ndio mali. Usiutupe, urefushe. Nyumba nyingi za Gisenyi na Goma zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, na ukuta kama huo unameza mawimbi ya waifai. Ukiweka kifaa sebuleni tu, chumba cha nyuma kitapata kidogo sana au kitakosa kabisa. Peleka waya hadi karibu na bibi (usizidi mita 100), kisha ufunge kifaa cha waifai pale mwisho. Usikifiche nyuma ya kabati la chuma.

Hata ruta ya zamani inafaa. Kabla ya kuiunga na mtandao wa nyumba, iunge na kompyuta peke yake, ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Ruta kubwa ikiwa na anwani 192.168.1.1, hii ya pili ipe 192.168.1.2, kama hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo. Halafu zima kazi yake ya kugawa anwani, ile inayoandikwa DHCP. Hapa ndipo wengi wanakwama. Fikirieni kambi yenye ofisi mbili zinazogawa namba za nyumba bila kuulizana: watu wawili watapewa mlango mmoja! Ruta kubwa igawe, ndogo ipitishe tu. Mwisho, chomeka waya katika tundu la LAN, siyo lile la WAN lililo peke yake.

Sasa neno la siri. Chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama upo. Ruta iliyochakaa yenye WEP peke yake msinunue hata kwa bei ya bure, maana WEP ilivunjwa tangu 2001. Na lile neno la kuingilia mipangilio, lililotoka kiwandani, libadilisheni pia. Jirani kuomba si vibaya, lakini mkataba umeandikwa jina lako, na kinachofanywa humo utaulizwa wewe.

Faida nyingine kwa ninyi wa mpakani: simu ikiwa kwenye waifai, ile ya video haipiti kwenye mnara wa ng'ambo, hata kama simu imeshika mtandao wa Goma.

Jaribuni kutoka kitandani kwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, siyo mkisimama mlangoni. Na moto ukikatika, ruta zote mbili zinazimika. Kuwasha ile ndogo kwa betri haisaidii kitu kama ile kubwa imelala.