Kuwasoma Wazungu Si Kasumba

Huko Makoko, mjini Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani walianzisha katika miaka ya 1960 shule ya kuwafundisha wageni Kiswahili. Wamisionari wengi wamepita hapo kabla ya kwenda kufanya kazi vijijini. Na ajifunzaye lugha kwa dhati haishii kwenye ngeli na vitenzi. Hulazimika kujua namna ya kumwamkia mzee, kuketi msibani na kunyamaza mbele ya wakwe. Wapo wageni wanaotamka shikamoo kwa adabu kuliko baadhi ya vijana waliohitimu Dar es Salaam.

Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1887, miaka miwili tu baada ya Ujerumani kujitangazia himaya katika nchi hii, ilifunguliwa Berlin shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo yake. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wanafunzi wao wengine walikuja huku kutawala. Nia ya Berlin na nia ya Makoko hazifanani hata kidogo, lakini wote walitambua kwamba atakaye kushughulika na watu huanza kwa kuwasoma.

Je, nani hapa nchini anawasoma Wazungu?

Wengi watajibu kwamba Chuo Kikuu kimefanya hivyo tangu mwanzo. Kweli, kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Lakini kusoma kwa Kizungu ni jambo moja, na kuwasoma Wazungu ni jambo jingine. Katika elimu ile Mzungu alikuwa kipimo; hakuwa kitu cha kupimwa. Kiingereza na Kifaransa vinafundishwa Mlimani, na ni vyema. Hata hivyo mtu aweza kuhitimu akiandika Kiingereza safi, naye asijue mkulima wa Ufaransa ana nguvu gani juu ya serikali yake, wala sheria ya biashara hutungwaje Brussels.

Ujinga huo una gharama. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu iliyosemekana kutumika katika uvuvi, na mvuvi wa Musoma akajikuta na sangara asiye na mnunuzi, kwa uamuzi uliotolewa na watu asiowajua, kwa taratibu ambazo hakuna aliyemweleza. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja huo. Kukataa kulihitaji watu wanaoweza kusoma kurasa nyingi za mkataba na kuona kilichofichwa katika vifungu vyake.

Wapo watakaosema kwamba masomo ya namna hiyo ni kasumba. Hofu yao ina sababu, kwani wamekwisha kuwaona waliorudi kutoka Ulaya wakidharau ugali na lugha ya mama zao. Lakini yupo mwana wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, hapo hapo Musoma, mwaka 1934, akapitia Tabora na Makerere, kisha akakaa Edinburgh tangu 1949 hadi 1952 akisoma historia ya Uingereza, uchumi, falsafa na sheria za katiba. Mwalimu Nyerere hakurudi akiwa Mwingereza. Alirudi akimjua Mwingereza, akamdai uhuru kwa hoja ambazo mwenyewe hakuweza kuzikana. Baadaye akamtia Shakespeare katika Kiswahili, mara mbili, na Kiswahili hakikupungukiwa.

Chuo Kikuu hakina budi kuyapa masomo ya Ulaya nafasi ya utafiti kamili, na matokeo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Aende Mtanzania akakae mwaka mzima katika kijiji cha Bavaria, aandike jinsi watu wanavyorithishana mashamba, kwa nini makanisa yao yana viti vitupu, na wazee wao hutunzwa na nani. Wao wameandika mengi kuhusu ukoo na mahari za huku. Hakuna sababu ya wao kutoandikwa.

Mzazi wa Mara aliyeuza ng'ombe ili kumsomesha mwanawe atauliza kazi iko wapi, na ana haki ya kuuliza. Iko katika wizara ya biashara, katika Bunge, katika viwanda vya samaki. Kanuni za Brussels hujadiliwa muda mrefu kabla hazijapitishwa. Mhitimu mmoja anayezisoma zikiwa bado rasimu, na anayejua nani wa kumwandikia huko, aweza kufikisha habari Mwigobero kabla mitumbwi haijaingia majini.