Fizi inahitaji msimu mzima wa kabumbu, si kombe la siku tatu

Kombe la siku tatu lina faida yake. Vijana wanapata jezi mpya, mwenye kutoa kombe anapigwa picha na nahodha, timu iliyoshinda inakula mbuzi, na siku ya nne kila mtu anarudi kwake. Mwezi ukiisha, hakuna anayekumbuka nani alishika nafasi ya tatu. Kombe la amani, kombe la likizo, kombe la kampeni: Baraka na vijiji vya Fizi vimeyaona mengi. Kitu kilicho adimu ni msimu wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, ambamo kila timu inakutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini.

Tofauti si ndogo. Katika kombe, timu ikifungwa mara moja imekwisha. Katika msimu, anayefungwa Jumapili hii anajua kwamba Jumapili ijayo ana kazi. Kijana wa miaka 17 mwenye mechi Jumapili ana sababu ya kufanya mazoezi Jumanne na ya kulala mapema Jumamosi. Asiye na mechi ana wiki nzima isiyo na kitu, na katika wilaya hii kuna watu wengi, wenye silaha na wasio na silaha, wanaojua kuijaza wiki ya namna hiyo.

Mfano mzuri uko karibu, ng'ambo ya ziwa. Kigoma ni mji ambao familia nyingi za Fizi zinaujua kwa uchungu. Huko ndiko mitumbwi ilikotua wakati wa vita vya 1996 na 1998, na kutoka huko watu walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Ni kutoka Kigoma pia kwamba, kuanzia 2005, meli za kurudisha wakimbizi zilifika bandari ya Baraka. Kwa muda mrefu Kigoma haikuwa na timu katika ligi kuu ya Tanzania. Watu wake walishangilia Simba na Yanga za Dar es Salaam, kama wanavyofanya wakaaji wengi wa Baraka hadi leo.

Msimu wa 2022/23 ulibadilisha hayo. Timu ya Mashujaa ya Kigoma ilikuwa katika ligi ya daraja la pili, ile inayoitwa Championship. Ligi hiyo ilikuwa na timu 16. Mbili za kwanza zinapanda moja kwa moja, na safari hiyo nafasi hizo zilichukuliwa na JKT Tanzania na Kitayosce. Mashujaa hawakuwemo. Ikabidi wapite njia ndefu ya mchujo: kwanza kuitoa Pamba ya Mwanza, halafu kukutana na Mbeya City, timu ya ligi kuu iliyokuwa ikipigania kubaki. Mashujaa wakashinda, wakapanda. Aprili 2024, katika uwanja wa Lake Tanganyika, timu hiyo hiyo iliitoa Simba kwa penalti katika kombe la shirikisho.

Na Mbeya City iliyoshuka siku ile? Haikufa. Ilicheza misimu miwili katika daraja la pili, na mwaka 2025 ikapanda tena pamoja na Mtibwa Sugar. Hiyo ndiyo kazi ya ligi: anayeanguka anabaki na njia ya kurudi.

Kuna watakaosema kwamba Mashujaa ni timu ya jeshi la Tanzania, ina mshahara na basi, na Fizi haina hivyo. Ni kweli kabisa. Fizi haiwezi kuiga mfuko wa Mashujaa. Inachoweza kuiga ni kalenda. Mechi zilizopangwa mapema, zikachezwa, zikahesabiwa, ndizo zilizoifikisha Mashujaa kwenye mchujo. Bila kalenda, hata timu yenye basi haiendi popote.

Kongo nayo ina ngazi yake kwenye karatasi. Juu kuna Linafoot na daraja lake la kwanza, chini yake daraja la pili lenye kuchezwa kwa kanda, kisha ligi za majimbo, kisha miji na wilaya. Kijana wa Mboko au wa Lulimba anapaswa kuanza chini na kupanda hatua kwa hatua. Wachezaji Wakongomani ambao Baraka inawaimba walipitia timu zenye kucheza misimu: Fiston Mayele alitoka AS Vita Club kwenda Yanga mwaka 2021, na Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu mwaka 2023. Klabu inamchukua mtu iliyemwona mechi baada ya mechi, siku nzuri na siku mbaya.

Lakini ngazi hiyo imekatika. Hata kabla ya hali ya sasa, msimu wa Linafoot wa 2022/23 haukufika mwisho. Kisha Goma ikachukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Kavumu, mlango wa Bukavu kuelekea miji mingine ya inchi, uliangukia mikononi mwao kabla tu ya mji wenyewe. Desemba 2025 ikawa zamu ya Uvira. Familia zilishuka kando ya ziwa hadi Baraka zikiwa na magodoro na masufuria, nyingine zikavuka kwenda Burundi. Kati yao wamo walinda mlango, washambuliaji, waamuzi na makocha. Wengi waliacha nyuma karatasi zao zote, na timu zao zikabaki majina tu.

Ndiyo maana swali la msimu si mchezo. Timu iliyokimbia, je, imekufa? Ulaya kuna mfano. Shakhtar Donetsk ya Ukraine iliondoka mji wake mwaka 2014 kwa sababu ya vita. Imecheza Lviv, Kharkiv na Kyiv, na hadi leo haijarudi katika uwanja wake. Lakini haikubadili jina, na tangu kukimbia imechukua ubingwa wa inchi mara kadhaa. Shirikisho lao lilikubali jambo moja: timu inaweza kupoteza uwanja bila kupoteza nafasi yake kwenye ligi.

Fizi inaweza kufanya hivyo kwa kiasi chake. Timu nane zinatosha: mbili za mji wa Baraka, moja kwa kila sekta kati ya nne, yaani Mutambala, Tanganyika, Ng'andja na Lulenge, na mbili za wale waliokimbia vita. Kila timu ingecheza mechi 14. Jumla ni mechi 56. Wakianza Jumapili ya kwanza ya Juni, watamaliza mwanzoni mwa Septemba, shule zinapofungua na kabla mvua haijaharibu barabara.

Kanuni zinazohitajika ni chache. Tarehe zote zisomwe kabla ya mechi ya kwanza, na zisibadilishwe kwa sababu mheshimiwa amechelewa. Mchezaji aliyekimbia bila karatasi aandikishwe kwa ushahidi wa watu wawili wa kijiji chake. Timu yenye kijiji kilichobaki bila watu ihifadhi jina lake na ichezee uwanja wa wenyeji waliompokea. Na njia ikifungwa, mechi iahirishwe. Timu isinyang'anywe pointi kwa sababu ya risasi ambazo haikuzipiga.

Pesa itatoka wapi? Sehemu yake tayari inatoka kila mwaka, ila inaishia kwenye kombe la chuma na picha. Mwenye uwezo wa kununua kombe, mbuzi na jezi za timu mbili ana uwezo wa kulipa nauli za motari na mtumbwi kwa Jumapili kadhaa. Hatapigwa picha siku ya mwisho peke yake. Atatajwa kila wiki, na hilo si hasara kwa mtu anayetafuta jina.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazazi. Mama aliyelala darasani na watoto wanne anauliza unga, dawa na turubai, hauliza mpira. Ana haki. Hakuna mfuko mmoja wa unga unaopaswa kugeuzwa kuwa nyavu za goli. Lakini mama huyo huyo ana kijana wa miaka 16 aliyeacha masomo, anayekaa kutwa barabarani na asiyejulikana na yeyote katika mji wa watu wengine. Kijana huyo akiandikishwa katika timu, kuna kocha atakayeuliza Jumanne kwa nini hakuonekana.

Lipo pia swali la usalama. Umati ni hatari, na kila anayeishi Fizi anajua hivyo. Basi mechi zichezwe mchana, viongozi wa mji na wa sekta waulizwe kila wiki, na pale njia ya juu au ya ziwa isipopitika, mechi ichezwe Baraka. Vilevile, kwenda ugenini kunataka jambo ambalo kombe la siku tatu haliombi: kijiji kimoja kukubali kuwapokea vijana wa kijiji kingine, kuwapa maji, na kuwaacha warudi salama hata wakiwa wameshinda. Mpira hauondoi bunduki. Lakini watu waliopokeana mara 14 wanakuwa na namba za simu za kupigiana siku ya shida.

Mwisho, kuna kazi ambayo haina gharama kubwa: kusoma msimamo kwenye redio kila Jumatatu, timu zote nane, na pointi zao. Mzee aliyekimbia kijiji chake atasikia jina la kijiji hicho likisomwa katika nafasi ya sita, kimeshinda mechi moja na kutoka sare mbili. Nafasi ya sita si kitu cha kujivunia. Lakini kijiji kilicho katika nafasi ya sita hakijafutwa, na Jumapili inayofuata kina mechi.