Tuliyoyaona Njia ya Maneromango

Wako watu ambao wakimwona mtu wa makamo amevaa kaptura na kofia ngumu, amepanda baiskeli alfajiri wala haendi shamba wala kazini, hucheka. Hatuna ugomvi nao, kwani mwandishi wa safu hii naye alikuwa miongoni mwa wachekaji. Aliyekuwa akichekwa ni ndugu mmoja, mtumishi wa serikali katika mkoa wetu huu wa Pwani, aliyekuwa akijitayarisha kwa mbio za baiskeli katika michezo ya SHIMIWI, ile inayowakutanisha watumishi wa wizara, idara na ofisi za wakuu wa mikoa. Ndugu huyo alitaka mtu wa kufuatana naye katika mazoezi ya masafa marefu. Wenzake wa ofisini kila mmoja alikuwa na udhuru. Mimi nilitafuta udhuru wangu nikaukosa.

Chuoni kwetu Kilindoni, mwalimu aliyetusomesha juzuu alikuwa na desturi ya kutukumbusha kuwa msafiri hutafuta mwenzi kwanza, ndipo akatafuta njia. Siku zile tulidhani ni maneno ya kuwatisha watoto wasende pwani peke yao. Nilimkumbuka mzee yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulipoondoka Kisarawe mjini baada ya sala ya alfajiri, ndugu yangu akiwa juu ya baiskeli nyepesi yenye gia nyingi, na mimi juu ya Phoenix ya Kichina, nzito kama mlango wa msikiti. Safari yetu ilikuwa kwenda Maneromango kupitia Masaki na Msanga na kurudi siku hiyo hiyo, na kwa hesabu zetu jumla yake haipungui kilomita 100.

Wasomaji wetu wa Mafia wanajua kuwa kisiwani mtu huweza kuendesha baiskeli maisha yake yote bila ya kujua maana ya kilima. Kisarawe si hivyo. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima vya Pugu, na ukitoka hapo njia hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, hata mtu akaanza kuudhika na mteremko kwa sababu anajua kuwa utadaiwa mbele. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya mwenzi. Anayetangulia huukata upepo, na wa nyuma akimfuata karibu hupunguziwa sehemu kubwa ya taabu; baada ya muda hubadilishana. Walakini, ili jambo hilo liwezekane, yule mwenye nguvu hana budi kuvumilia kwenda polepole, na yule dhaifu hana budi kusema kweli kuwa amechoka. Ndugu yangu alivumilia. Mimi kusema kweli kulinichukua kilomita 15.

Hili si jambo la kubuniwa Ulaya likaletwa kwetu. Jirani zetu wa Kenya wanaye David Kinjah, mwendesha baiskeli ambaye alikuwa akifuatana na kijana mdogo, Chris Froome, katika vijiji na vilima vya nje ya Nairobi, akimfundisha. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, aliishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, ingawa bendera aliyoipandisha ilikuwa ya Uingereza. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Basi anayecheka na acheke, ila ajue kuwa dunia imekwisha kupita mlangoni kwake.

Tuyaache ya mashindano. Sababu ya kuandika leo ni mambo ambayo mtu huyaona akiwa juu ya baiskeli, na ambayo hayaoni akiwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Tuliyaona mashamba ya mihogo yaliyolimwa kwa jembe la mkono mpaka ukingoni mwa barabara. Tuliiona mikorosho mikongwe, na chini yake watoto wamekwisha kuamka, ndoo vichwani. Tulisalimiwa na kila mtu, maana anayepita kwa mwendo wa baiskeli hawezi kujifanya hakuona. Pahala fulani mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi, nikamwambia kwa asili mimi ni mtu wa Mafia. Akafurahi, akasema hata huku Kisarawe wanayo Chole yao. Ni kweli, sisi tuna kisiwa cha Chole, nao wana kata ya Chole, na wanayo kata nyingine iitwayo Mafizi. Mzee akataka kujua nani kamwibia mwenziwe jina. Kesi hiyo tuliiacha bila hukumu.

Ndugu yangu, ambaye kwa miaka kadhaa karatasi za barabara za mkoa zimekuwa zikipita mezani pake, alikuwa kimya muda mrefu. Pale lami ya siku ile ilipoishia, na matairi yetu yakaanza kuzama katika mchanga, alisema neno moja ambalo nimepata ruhusa yake kuliandika: kwamba njia ile ameiandikia mara nyingi, wala hakupata kuipita ila akiwa kiti cha nyuma, akisoma simu yake.

Tangu alfajiri tulikuwa tukipishana na watu wengine wa baiskeli, nao hawakuwa katika mazoezi. Ni wale vijana wa mkaa. Gunia mbili, wakati mwingine tatu, zimefungwa kwa vipande vya mpira juu ya keria, hata mwenye baiskeli haonekani kwa nyuma. Kwenye mteremko huweka mguu chini kusaidia breki. Kwenye mlima hushuka na kusukuma, kifua kimelala juu ya usukani. Huondoka usiku ili jua lisiwakute mbali, wakapitia Pugu na Gongo la Mboto kuelekea majiko ya Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nikihema kwa kubeba chupa mbili za maji.

Maneromango tulifika salama. Ni kijiji chenye misheni ya Kilutheri ya tangu enzi za Wajerumani, na siku hiyo kilikuwa na chai ya moto na mihogo ya kuchemsha, ambayo nayo yafaa kutajwa katika historia. Msiba ulitupata katika kurudi. Tulikuwa tumekwisha kurejea kwenye lami, ndugu yangu mbele, mimi nyuma. Lori la mchanga lilikuja nyuma yetu, na jingine likawa linatoka mbele, na wote wawili hawakutaka kupunguza mwendo. Honi ilipigwa mara moja. Ndugu yangu hakuwa na pa kwenda. Alitoka nje ya lami, ukingo ukamvunjikia, akaanguka ndani ya mtaro. Lori halikusimama.

Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika. Alichunika mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na gurudumu la mbele lilipinda likawa kama chapati iliyokosewa. Tulikaa ukingoni, watu wazima wawili wenye vyeo vyetu vidogo, bila ya kujua la kufanya, mpaka akatokea kijana mmoja wa mkaa akirudi mjini kwake na baiskeli tupu. Aliamkia, akateremka pasipo kuombwa, akatoa bisibisi na kifungulio kutoka katika soksi kuukuu iliyofungwa chini ya kiti, akaanza kukaza spoku moja na kulegeza nyingine, akilizungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja. Yapata nusu saa likazunguka. Tulipomwuliza kama naye amepata kutupwa mtaroni pale, alicheka. “Wazee wangu,” alisema, “hapa pana mtaro, mmebahatika. Kule mbele ni korongo.” Fedha tulizompa alizipokea kwa shida.

Kabla ya kuondoka, ndugu yangu alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alichukua pampu ya baiskeli, akaulaza mkono wake uliofungwa kitambaa juu ya goti, na kwa mkono mwingine akapima upana wa lami uliobaki baina ya mstari mweupe na mtaro. Pampu moja, na shibiri. Huo ndio uwanja aliopewa mpanda baiskeli, mwenda kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni, na mbuzi.

Watasema wahandisi kuwa mabega mapana ya barabara ni fedha, na kwamba kilomita chache pana huzaa lawama kuliko kilomita nyingi nyembamba. Hoja hiyo ina uzito, na sisi makada ndio tuliowazoesha viongozi kuhesabu kilomita majukwaani. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumwandika mpanda baiskeli kuwa mgeni barabarani. Tena njia za baiskeli tunajua kuzijenga. Mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ulijengewa njia zake kando ya barabara ya Morogoro, ingawa bodaboda na meza za biashara zimekuwa zikizikalia. Zikijengwa huko mjini, kwenye watu wenye daladala na mabasi, kwa nini zisifikiriwe huku ambako baiskeli ndiyo lori la mnyonge?

Yupo atakayesema pia kuwa kumjengea njia mchukuzi wa mkaa ni kumsaidia kuumaliza msitu. Siwezi kulikwepa neno hilo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni katika masalio ya misitu ya asili ya ukanda wetu wa pwani, na mkaa umeila kwa miaka mingi. Aliyenyoosha gurudumu letu yamkini ana mkono wake humo. Walakini msitu haulindwi kwa kumtupa mtu mtaroni. Anayetaka mkaa upungue na aitazame bei ya gesi katika jiko la mjini, kwa kuwa huko ndiko gunia linakoitwa.

Nayaandika haya huku moyo ukiwa Mafia. Barabara ya kutoka Kilindoni kwenda kaskazini hadi Rasi Mkumbi wananchi wameiombea lami kwa miaka mingi, na ile ya Utende tunaifahamu: lami ilipokuja, magari nayo yaliongeza mwendo, na wenye matenga ya samaki wakajifunza kutazama nyuma. Kisiwani baiskeli hubeba nazi, hubeba samaki, hubeba mgonjwa kwenda hospitali. Wahusika wanapoketi kupitisha michoro, tunawaomba wapime ukingo kwanza, na wasiupime kwa kalamu. Zamani kiwanda chetu wenyewe cha NABICO kiliwauzia Watanzania baiskeli za Swala, na wanachama wa TANU walikuwa wamekwisha kuzitembelea wilaya kwa baiskeli kabla hata hatujapata bendera. Sijui ni lini hasa sisi warithi wao tulianza kuiona ni dalili ya kushindwa maisha.

Mkono wa ndugu yangu umepona. Jumatatu ile alikwenda kazini akaomba mchoro wa sehemu ya barabara iliyobaki, naye ameandika barua ambayo bado haijajibiwa. Jumamosi ijayo, inshallah, tunarudia safari. Tutaondoka Kisarawe mjini mara baada ya alfajiri, na tumemwalika kila mkuu wa idara anayehusika na barabara. Baiskeli ya tatu ipo. Haina gia, lakini breki zake ni nzima.