"Moist" si "unyevu" tu

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli. Ukikutana na "moist" kwenye noti, unaandika "unyevu" na kusonga mbele. Ukikutana na "damp", unyevu tena. "Humid" nayo? Unyevu uleule. Halafu tunalalamika eti Kiswahili hakina maneno!

Mimi yalinikuta fildi, huku huku Tabora, kwa wakulima wa tumbaku ya mvuke. Nikawasomea kipeperushi nilichotafsiri mwenyewe: "Majani yawe na unyevu kabla ya kufungwa." Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, unyevu wa kulainika au wa kuota ukungu?" Nikabaki nimeduwaa.

Swali lake lilikuwa la pesa. Jani likiwa kavu kabisa kwenye bani, ukiligusa linavunjika. Likinyonya unyevu kidogo wa hewa, linalainika na kufungika. Ukizidi, linaota ukungu ndani ya robota, na sokoni daraja linashuka. "Moist" ndiyo hiyo hali ya kati. "Damp" mara nyingi ni unyevu usiotakiwa, kama wa ukuta wa geto msimu wa mvua.

Na maneno tunayo. Shuka lililoanuliwa mapema ni bichi, njia baada ya mvua ni chepechepe, sakafu ina majimaji. Shida yetu ni kutafsiri kamusi badala ya kutafsiri kitu chenyewe. Kabla hujaandika "unyevu", jiulize: wa nini, kiasi gani, unafaa au unaharibu? Yule mzee aliuliza hayo yote kwa swali moja.