Mafunzo ya Kumwuguza Mzee

Safari hii twapenda kuzungumza juu ya kumfundisha afisa ustawi wa jamii kazi ya kuwahudumia wazee mpaka siku yao ya mwisho. Mwanachuo wa ualimu atauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu, kwa kuwa mtoto asiyefika shuleni kwa sababu anamwuguza bibi yake hutambuliwa na mwalimu kabla afisa yeyote hajapata habari.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitegemea familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Katika vijiji vya Handeni maneno hayo yana maana, ingawa mara nyingi mtunzaji mwenyewe ni huyo mjukuu wa darasa la tano. Lakini katika kambi za mashamba ya mkonge ya Korogwe waliletwa vijana kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mto Ruvuma, wakaitwa manamba. Bei ya mkonge ilipoanguka, wako waliobaki bila nauli wala jamaa wa kumrudia. Walio hai wamekwisha kupita miaka 80. Familia ipi itawauguza?

Hapo ndipo afisa anapohitajiwa, wala hatukubaliani na wanaodhani kwamba mihadhara na mazoezi ya ofisini yatamtosha. Sisi hatumpi mtu cheti cha ualimu kabla hajasimama mbele ya watoto, mkufunzi ameketi nyuma akiandika. Anayejifunza kuketi na mtu anayekufa naye aangaliwe vivyo hivyo. Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa wasiopona mjini London mwaka 1967, alikuwa amepata kuwa muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii hospitalini, ndipo akawa daktari; elimu yake aliipata kando ya vitanda. Kambi za Korogwe zingefaa sana kuwa darasa la namna hiyo.

Tena pana suala la lugha. Mzee akizidiwa aghalabu hukirudia Kiha au Kimakonde cha utotoni, na afisa asiyejua kumtafuta jirani wa kufasiri hataambulia neno. Ajifunze pia kuuliza bila haraka: maumivu yako wapi, nani aitwe, mzee angependa kuzikwa wapi. Swali hilo la mwisho, kwa mtu aliyezaliwa mbali, ni zito kuliko yote.

Mwanachuo naye, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, asiandike "mtoro" tu katika daftari la mahudhurio. Afike nyumbani kwa mtoto, kisha ampelekee habari afisa ustawi wa jamii.