Miwani ya Mkufunzi

Tangu mwaka 1960, Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alipomtoa mwanasesere wake wa kufunzia kuhuisha moyo na pumzi, aghalabu tumempima mkufunzi kwa ustadi wa mikono yake, ilhali kazi yake hasa ni kubaini kasoro ya mikono ya mwingine: huyu kakunja viwiko, yule hakiachii kifua kiinuke, mwingine anakwenda mbio kupita mikandamizo 120 kwa dakika. Hapo ndipo miwani ya uhalisia pepe inapofaa, maana mwanafunzi wa kubuniwa hurudia kosa lile lile mara ishirini pasina kuona haya, mkufunzi mchanga akajizoeza lini anyamaze na lini aseme. Walakini miwani haina ugumu wa kifua. Chuo chenye fedha za kifaa kimoja tu kinunue mwanasesere kwanza.