Dizeli au petroli? Mkulima apige hesabu ya kilometa kabla ya kununua gari

MSIMU wa mavuno unapokwisha, wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi huanza kutafuta gari la kubebea mizigo. Wapo wanaojazia akiba yao kwa mkopo wa SACCOS, na wapo wanaouza ng'ombe. Wakifika kwa madalali, ushauri wanaopewa ni ule ule wa siku zote: chukua la dizeli, mafuta yake ni rahisi na injini haichoki.

Ushauri huo ni kweli kwa baadhi yao tu. Kwa wengine ni mwanzo wa hasara.

Kwanza ni suala la bei. Dhana kwamba dizeli huuzwa chini ya petroli siku zote haina msingi. Katika bei kikomo zilizotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) Agosti 2022, lita ya petroli jijini Dar es Salaam ilikuwa Sh3,410 na dizeli Sh3,322. Mwezi uliofuata mambo yaligeuka: petroli ilishuka hadi Sh2,969, dizeli ikawa Sh3,125. Mafuta yote hayo huagizwa kutoka nje, na bei ya kila aina hufuata soko lake la dunia. Kwa hiyo anayechagua gari kwa kutazama bei ya kituoni siku moja anaweza kukuta hesabu yake imepinduka kabla hajamaliza mkopo.

Unafuu wa dizeli uko kwenye idadi ya lita. Lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli, na injini yake hugandamiza hewa kwa nguvu zaidi, hivyo hupata kazi kubwa zaidi kutoka kwenye mafuta yale yale. Aidha, huvuta mzigo mzito mlimani bila kulazimika kuzunguka kwa kasi. Ndiyo maana malori na matrekta hutumia dizeli.

Lakini lita zinazookolewa ni lazima zilipe tofauti ya bei ya kununulia. Chukua mfano wa pikapu mbili za ukubwa mmoja. Ya petroli inakwenda kilometa 9 kwa lita ikiwa na mzigo, ya dizeli kilometa 12. Tuseme kila lita ni Sh3,000, na ya dizeli imeuzwa Sh6 milioni zaidi.

Mfanyabiashara anayepeleka kabichi kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam na kurudi, safari nne kwa mwezi, hutembea karibu kilometa 3,000. Kwa petroli atatumia Sh1 milioni kila mwezi, kwa dizeli Sh750,000. Kwa mwaka ameokoa Sh3 milioni, na katika miaka miwili tofauti ya bei imerudi. Huyo dizeli inamfaa.

Sasa mtazame mkulima ambaye gari lake hutoka shambani hadi gulioni, kilometa 400 tu kwa mwezi. Akiba yake ya mafuta ni kama Sh33,000 kwa mwezi, sawa na Sh400,000 kwa mwaka. Atahitaji miaka 15 kurudisha zile Sh6 milioni, na hapo bado hajaenda gereji.

Gereji ndiko hesabu za wengi huharibikia. Injini ya petroli hutaka plagi, oili na chujio, na fundi wa kijijini huweza kuitengeneza. Pampu na nozo za dizeli zimetengenezwa kwa vipimo vidogo mno. Maji kidogo au uchafu uliotoka kwenye dumu lisilo safi huweza kuziua, hasa katika magari ya kisasa yanayosukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana. Matengenezo yake huhitaji fundi wa pampu mwenye vifaa maalumu, ambaye mara nyingi yuko mjini. Kwa mwenye kilometa chache, pampu moja ikifa inameza akiba ya miaka kadhaa.

Mwenye gari la dizeli hana budi kununua mafuta kwenye kituo anachokiamini, kumwaga maji yanayokusanyika kwenye chujio na kubadilisha chujio hilo kwa wakati.

Jambo jingine ni kodi. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza Sh40 katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililoegeshwa nje ya msimu halidaiwi ada hiyo, ilhali linalofanya kazi kila siku hulipa kwa kila lita linayochoma. Utaratibu huo unamfaa mkulima wa safari chache, na unampa mwenye safari nyingi sababu moja zaidi ya kupunguza lita.

Kwa mizigo midogo na njia fupi, kirikuu ya petroli inaweza kutosha, mradi isibebeshwe mzigo wa Fuso. Na kwa mkulima anayesafirisha mara mbili au tatu tu kwa mwaka, kukodi lori na wenzake wakati wa mavuno huenda kukawa nafuu kuliko kumiliki gari lolote.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aandike kwenye daftari safari zake zote za mwezi, kilometa zake na uzito wa mizigo. Kisha aombe kulijaribu gari: ajaze tangi, asome kilometa, atembee na mzigo, ajaze tena na kugawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Dalali husifu gari analotaka kuliuza, lakini daftari litamwonyesha mnunuzi ni miaka mingapi itapita kabla fedha yake haijarudi.